Shanga Nyeupe

Bi Saumu hakuwahi kumwosha maiti kwa maji baridi. Wenzake walikuwa wakimtania, "Bi Saumu, huyo hasikii baridi tena," naye akiwajibu, "Wewe umejuaje? Ulishakufa?" Basi hata siku ile ya Mwanatumu alitia maji kiganjani kwanza, akangoja, akaongeza ya moto kidogo, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Maji yenyewe yalikuwa ya ukungu. Huko Magoroto kila paa lilikuwa na wavu wake, na alfajiri ukungu ulipopita uliacha matone yakateremka mpaka kwenye pipa. Ndivyo walivyoishi watu wa Tanga tangu bahari ilipopanda ikala barabara moja baada ya nyingine, nao wakabeba vitanda vyao, misahafu yao na vinu vyao, wakapanda mlimani. Walibeba na mila. Msichana akiposwa, bado alitafutiwa somo wa kumfunda mambo ya nyumba na ya chumbani. Na mtu na somo wake walioshana: atakayetangulia huoshwa na atakayebaki. Kwa kawaida mkubwa ndiye hutangulia. Bi Saumu, somo wake Mwanatumu, alikuwa na miaka sabini na moja. Mwanatumu alikuwa na ishirini na tisa.

Wanawake wawili walishika shuka juu ya maiti na kutazama pembeni, kama adabu inavyotaka. Bi Saumu akaingiza mikono chini ya shuka na kuanza kazi. Alipofika shingoni mikono yake ikasimama.

Kulikuwa na mstari. Haukuwa mstari wa kamba. Ulikuwa wa vidoa vidogo vilivyopangana, kimoja baada ya kingine, kama alama za vidole vya mtoto kwenye unga. Akainua kope kidogo. Ndani ya jicho mlikuwa na madoa mekundu, madogo kama mbegu za ufuta.

"Kuna nini, Bi Somo?" mmoja wa wenye shuka akauliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu. Magoti yangu."

Akaendelea kuosha. Alipomaliza akachukua pamba nyingi kuliko ilivyo kawaida, akaipaka kafuri, akaizungusha shingoni taratibu, kisha akavuta sanda juu yake. Mama yake, aliyemfundisha kazi hii, alikuwa akisema kwamba mwosha ana mikono, hana mdomo. Aibu ya maiti ikishuka kwenye maji, inakwenda na maji.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bi Saumu aliyatazama yale maji yakienda, akaona kama kuna kitu kimekataa kwenda nayo.

*

Mbwana, mume wa Mwanatumu, alikuwa amekaa nyuma ya nyumba juu ya kinu kilichogeuzwa. Jirani mmoja alikuwa amemwekea kikombe cha uji na kukifunika kwa sahani nzi wasiingie. Uji haukuguswa. Bi Saumu aliona pia kwamba kuna mtu alimvisha viatu, kwa sababu vilifungwa vizuri, na mtu aliye katika hali ile hawezi kufunga kiatu.

"Kunywa kidogo, baba," akamwambia.

"Bi Somo, umeziona?"

"Nimeziona alama."

Mbwana akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na shanga za shingoni, punje ndogo laini kama lulu. Wakati huo zilikuwa za kijivu, zimezima.

"Zilikuwa nyeupe," akasema. "Wallahi, Bi Somo, mpaka mwisho zilikuwa nyeupe."

Bi Saumu alizijua. Nani asiyezijua? Zilianza kwa watoto njiti. Kiwanda cha Lulu Hai kilizitengeneza zikae mwilini mwa mtoto na kusoma damu yake chini ya ngozi: damu yenye pumzi, shanga ni nyeupe, damu inayopungukiwa, shanga zinageuka nyekundu na kulia. Mjukuu wake mwenyewe, Kibibi, alizaliwa na uzito wa mkate. Mchana mmoja wote wakiwa jikoni shanga zikalia, wakakimbia, wakamkuta mtoto ameshaanza kubadilika rangi. Leo Kibibi anaruka kamba. Mtu akikuokolea mjukuu, humuulizi maswali mengi.

Halafu kiwanda kikatoa shanga za maharusi.

Ulikuwa umeingia mchezo mlimani, sijui ulitoka wapi, wa kubanana pumzi chumbani. Watu walisema kile kizunguzungu kinaongeza raha. Wazee walinong'ona, vijana walicheka, na kiwanda kikaona soko. Shanga hizi zilijikaza zenyewe shingoni na kujilegeza zenyewe, na rangi ndiyo iliyosema mambo yanakwendaje. Kwa makungwi jambo hili halikuwa geni. Tangu enzi za bibi zao shanga ziliongea chumbani: mwanamke akining'iniza nyekundu ukutani, mume anajua siku hizi si zake, akining'iniza nyeupe, karibu. Kiwanda hakikuhitaji kumfundisha mtu kusoma. Kilichukua lugha iliyokuwepo, kikaitia betri.

Walikusanya makungwi wote wa mlimani, wakawalisha pilau. Bi Saumu aliuliza swali moja tu: "Na zikikosea?" Bi Zaituni, aliyekuwa kungwi mwenzake kabla ya kuajiriwa na kiwanda, akamshika bega na kusema, "Dada, zilimkosea Kibibi?"

Basi Bi Saumu, alipomcheza na kumfunda Mwanatumu, alimwambia kwa kinywa chake: "Mwanangu, maadamu ni nyeupe, usiwe na hofu."

Mbwana alikuwa akiendelea kuongea, sauti imepwaya. "Tulishafanya mara nyingi. Yeye mwenyewe alipenda, sikumlazimisha, Mungu shahidi. Siku ile niliona ametulia sana. Nikatazama shanga. Nyeupe. Nikasema basi yu sawa." Akajifunika uso kwa leso. "Nilitazama shanga, Bi Somo. Yeye sikumtazama."

 Bi Saumu akachukua kikombe cha uji, akaondoa ngozi iliyoganda juu kwa kidole, akamshikisha.

*

Daktari Shemboza alimpokea chumbani kwake zahanatini na kumwekea kiti chenye mto, kwa sababu aliyakumbuka magoti yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kusema polepole.

"Nimeandika kwamba moyo ulisimama," akasema kabla hajaulizwa. "Si uongo. Kila anayekufa moyo wake husimama. Mama yake aliniomba, nikashindwa kumkatalia."

Bi Saumu akaweka mezani shanga alizopewa na Mbwana. "Mumewe anasema zilikuwa nyeupe. Nataka kujua kama anasema kweli."

Daktari alizitazama kitambo. Kisha akamwomba Bi Saumu akunje mkono wa baibui. Akazifunga shanga juu ya kiwiko, akazigusa, zikaamka. Zikawa nyeupe kama maziwa. Akaziamuru zijikaze.

Walikaa wakitazama. Mkono wa Bi Saumu ukaanza kufa ganzi. Vidole vikapauka, kisha vikaingia rangi ya zambarau iliyoiva. Mishipa ikatuna. Na shanga, juu ya mkono ule uliokuwa ukizidi kuwa mweusi, zilikuwa nyeupe. Ziling'aa, nzuri, kama meno ya mtoto.

"Zilegeze," Bi Saumu akasema.

Daktari akazilegeza, akauchukua ule mkono na kuusugua kwa viganja vyake viwili mpaka joto likarudi. Aliusugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zinasoma damu iliyo chini yake," akasema. "Zikijikaza, zinainasa pale pale. Damu ile bado ina pumzi, ila haiendi popote. Kwa hiyo zinasoma damu ambayo zenyewe zimeizuia, na zinasema mambo ni mazuri. Huku juu ubongo unakufa."

"Na mapigo je? Za Kibibi zilisikia mpaka mapigo."

"Hizi nazo zilikuwa zinasikia. Wateja wakalalamika kwamba zinalia mapema, zinawakatisha. Kiwanda kikaziambia zikipoteza mapigo zidhani ni mtikisiko wa mwili, zisubiri kwanza."

 Nje mtoto alikuwa akilia kwa kuchomwa sindano na mama yake akimbembeleza.

"Wakizirekebisha?" akauliza.

"Bibi, nisikilize. Hata zingekuwa za dhahabu. Ubongo hauna ghala, ukinyimwa unazimika mara moja, kabla mtu hajajua kama anazimika. Moyo nao unaweza kusimama ghafla kwa kubanwa shingo tu, hata kwa mtu kijana, hata kwa mkono wenye mapenzi. Aliyepona jana si ushahidi wa leo. Na yule anayebanwa ndiye peke yake angeweza kusema basi, nawe umemnyang'anya pumzi ya kusemea. Hakuna kipimo cha jambo hili. Anayekuuzia kipimo anakuuzia uongo."

"Mwanatumu ni wa kwanza?"

Daktari akaangalia dirishani. "Nina wenzangu milima mingine. Kila mmoja ana Mwanatumu wake. Na kila mmoja ameandika moyo."

*

Baada ya arobaini, Bi Mize, mama yake Mwanatumu, alikuja kwa Bi Saumu na bakuli la tende. Walikuwa marafiki tangu Tanga ya chini, tangu wakiwa wasichana wa kuazimana vitambaa. Alikaa jamvini, asile tende wala kunywa chai.

"Harusi ya Siwema ipo Ijumaa ijayo," akasema. Siwema alikuwa mdogo wake Mwanatumu, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa ameshaahirisha mara moja kwa ajili ya msiba. "Ninataka umfunde wewe."

"Nitamfunda. Kwenye sanduku lake mna shanga?"

Bi Mize akatazama chini. "Mna shanga."

"Mize!"

"Wakwe ndio walioleta. Nikizitoa wataniuliza kwa nini. Nitawajibu nini, Saumu? Nimwambie nani kwamba mwanangu alikufa..." Akashindwa kulitaja. "Nilimuuliza Zaituni. Anasema zile za Tumu lilikuwa toleo la zamani. Hizi mpya zimerekebishwa."

"Daktari anasema hakuna kurekebisha."

"Basi mwambie Siwema mwenyewe, chumbani, wewe na yeye. Mfunde asizivae. Kisha ufunge mdomo." Akamshika Bi Saumu mikono yote miwili. "Wewe ulimwosha. Una amana yake. Ukisema, Mbwana atafungwa, na yule kijana hana baya, kila Ijumaa yuko kaburini anang'oa nyasi kwa mikono. Na Tumu wangu watamfanya wimbo. Watamcheka kaburini. Nimemzika mara moja, usinizikishe mara ya pili."

Bi Saumu alimwangalia rafiki yake. Kilemba kilikuwa kimelegea, na chini yake nywele zimekuwa nyeupe zote kwa siku hizo chache. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanye nini yule ambaye kifo kimeshamuumbua, na waliobaki bado wanakitafutia shuka.

"Nimekusikia," akasema.

"Sema hutasema."

"Nitamwambia Siwema. Wengine sitawaambia."

Na alimaanisha.

*

Siku ya singo ukumbi wa wanawake ulijaa mpaka mlangoni. Siwema alikuwa ndani amefunikwa kanga, amepakwa singo mwili mzima, ananukia liwa na karafuu. Bi Saumu alikuwa ameshakaa naye asubuhi, wawili peke yao. Siwema alisikiliza bila kulia, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuwa na ugonjwa wa moyo?" Bi Saumu akasema hapana. Siwema akasema, "Nilikwenda kupimwa, Bi Somo. Mara tatu. Nilidhani na mimi ninao." Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, kwamba uongo wao ulikuwa ukimfanya mtoto wa watu akeshe akisikiliza kifua chake.

Basi Siwema alikuwa ameokoka. Bi Saumu alikaa jamvini akijiambia hivyo: amana imetimia, kaburi limesitirika, na huyu ameokoka.

Ngoma ikapumzika. Bi Zaituni akaingia na kisanduku cha vioo, akapokelewa kwa vigelegele.

"Mwari wetu asije akaishi kizamani!" akasema. "Toleo jipya, rangi ile ile ya bibi zetu. Nyeupe?"

"Karibu!" wanawake wakaitikia.

"Nyekundu?"

"Ngoja kwanza!"

Wakacheka. Kijana mmoja aitwaye Pili, jirani wa Bi Saumu, mke wa fundi wa nyavu za ukungu, akasimama kuwachekesha zaidi. Siku zote alikuwa hodari wa maneno. "Mimi wangu siku hizi hata taarifa ya habari hasikilizi," akasema. "Macho kwenye shanga tu! Nikimwambia baba fulani nitazame na mimi, ananijibu, nakutazama wewe wa nini, zenyewe si zinasema!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Saumu hakucheka. Alikuwa anaisikiliza ile sauti. Ilikuwa imekauka, inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

"Pili," akamwita. "Umefanya nini koo?"

"Mafua, Bi Somo."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Pili akacheka. "Aa, yanakuja na kuondoka."

Alipocheka mtandio ukateleza. Bi Saumu akauona mstari wa vidoa vidogo, kimoja baada ya kingine. Vidoa kama hivyo alikuwa ameviosha shingoni mwa Mwanatumu kwa maji ya vuguvugu. Akageuza macho ukumbini, kama mtu aliyewashiwa taa, akaanza kuwaona: mmoja ameficha shanga chini ya ukosi, mwingine amezivaa wazi kama pambo, mwingine ana miezi sita ya mimba na amezizungusha mara mbili. Walikuwa wamepika pamoja tangu jana. Mmoja wao ndiye aliyemvisha Mbwana viatu.

Akasimama. Magoti yakalia.

"Zaituni, nipe hizo."

"Bi Somo anataka kuolewa tena!" mtu akapiga kelele.

Akazifunga juu ya kiwiko chake kama alivyofanya daktari, akaziamuru zijikaze, akainua mkono wote wauone. Kicheko kilipungua polepole. Vidole vikapauka. Vikawa zambarau. Shanga zikabaki nyeupe.

"Mnaona rangi gani?"

"Nyeupe," mtu mmoja akasema.

"Na mkono wangu?"

 Bi Saumu akazilegeza, akawaeleza kwa maneno ya daktari, kadiri alivyoyakumbuka: damu iliyonaswa, ubongo usio na ghala, moyo unaoweza kusimama ghafla, mtu asiye na pumzi ya kusema basi.

Bi Zaituni akatabasamu. "Dada yangu, umezifunga pasipo pake. Mkono si shingo."

"Kweli jamani, mkono si shingo," Pili akadakia na sauti yake iliyokwaruza. "Bi Somo anatutisha bure. Kwani kuna aliyekufa?"

Wakaanza kucheka tena, kile kicheko cha watu waliofarijika. Mpiga ngoma akagusa ngozi.

Bi Saumu akamtazama Bi Mize kule mbele, karibu na mlango wa chumba cha mwari. Bi Mize alikuwa akitikisa kichwa, taratibu, akimwomba kwa macho. Rafiki wa miaka hamsini. Bi Saumu alijua kwamba akinyamaza hatakosa kitu. Ataendelea kuitwa kucheza wari na kuosha wafu, na Mize atakuja na tende zake. Na siku moja, huenda karibu, watamwita nyumba ya jirani, wataweka maji, na yeye atayatia kiganjani kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Kuna aliyekufa."

Ngoma ikanyamaza.

"Nilimwosha mwanangu Mwanatumu kwa mikono hii. Hakuwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa na alama shingoni, na shanga zilikuwa nyeupe mpaka mwisho. Mumewe alizitazama kwa sababu mimi nilimfundisha mkewe kwamba azitazame. Pili, mwanangu, na wewe unayo alama ile ile. Nimeiona sasa hivi."

Mkono wa Pili ukaenda shingoni wenyewe.

Bi Mize hakupiga kelele. Aliinuka, akaokota kanga yake, akaitandaza kichwani na usoni kama mtu anayetoka penye moshi, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakimpisha. Alipofika mbele ya Bi Saumu akasimama.

"Nilikupa mwanangu uchi," akasema, "nawe umemtoa nje hivyo hivyo."

Akaondoka.

*

Yaliyofuata yalikuwa kama Bi Mize alivyosema. Mbwana alipelekwa mahakamani, na kesi yake ingali inaahirishwa. Kiwanda kilitangaza kwamba marehemu na mumewe hawakufuata maelekezo. Daktari Shemboza alifuta neno alilokuwa ameandika, akaandika lingine, na barua ya kuhamishwa ikamfikia. Watoto walitunga wimbo kuhusu Mwanatumu. Ulikuwa mbaya, na ulikuwa na sauti nzuri, hivyo uliimbwa.

Bi Saumu hakuitwa tena. Mtu akifa, alipitwa mlangoni na watu waliobeba sanda wakienda kumwita mwosha mwingine. Nani atampa mwili wake mwanamke aliyesema? Hakulaumu mtu. Alifagia uwanja, alimsuka Kibibi, aliangalia matone yakiingia kwenye pipa.

Asubuhi moja alikuta kitu kwenye lango lake. Kilining'inia kwenye msumari, kimelowa ukungu. Kilikuwa mkufu wa shanga za maharusi, zimezima. Alitazama huku na huku, hakuona mtu. Siku ya pili akakuta mwingine. Kisha ikapita wiki bila kitu, kisha ikaja miwili imefungwa pamoja. Wenyewe hawakubisha hodi. Wakikutana naye sokoni walitazama vikapu vyao. Pili naye hakumsalimu, lakini jioni moja Bi Saumu alimsikia ng'ambo ya ua akiita kuku wake, na sauti ilikuwa safi kama ya zamani. Aliacha kufagia akaisikiliza mpaka kuku wote wakaingia.

Hakuzitoa zile shanga langoni. Aliziacha pale pale, zikazidi.

Bi Mize alikuja baada ya mvua za vuli. Alisimama nje ya lango na hakuingia, ingawa Bi Saumu alikimbilia jamvi.

"Sikuja kukaa," akasema. Alikuwa amekonda. "Nimekuja kukwambia neno moja. Sijakusamehe."

"Nimesikia, Mize."

"Siku yangu ikifika, usinioshe wewe. Nimeshawaachia watu usia."

Neno hilo lilimwingia Bi Saumu mahali ambapo mengine hayakufika. Walikuwa wameahidiana wakiwa na miaka kumi na minane, kwenye barabara ambayo sasa samaki wanapita.

"Nimesikia," akasema tena.

Bi Mize akatia mkono ndani ya baibui, akatoa kisanduku cha vioo. Shanga za Siwema, zile walizoleta wakwe, zilikuwamo, bado zimekunjwa kwenye karatasi ya dukani, hazikuwahi kuvaliwa. Alizitoa, akatafuta msumari. Ule wa zamani ulikuwa umejaa. Akasogeza mikufu ya wenzake kando kwa kidole, mmoja mmoja, akiipa nafasi isiangushane, mpaka akapata mahali pa kuutundika wake.

Kisha akashika lango kwa mikono miwili na kulifunga polepole, ili shanga zisigongane.